Shajara ya mradi: mazingaombwe kwenye shughuli za kuchangisha, Moshi na Arusha, 2024

3 Februari 2024: Tunaanza

Mradi wenyewe ni huu. Mwaka huu mzima nafanya mazingaombwe bila malipo kwenye shughuli za kuchangia wenye uhitaji, kila mara mbele ya watu wa aina nyingine, na kila hatua ikikamilika naandika hapa kilichofanyika, kilichogoma na kilichotugharimu. Namwandikia kijana wa Bomang'ombe au Usa River anayejua kupoteza sarafu kiganjani na anatamani ujuzi huo umletee mtu godoro au katoni ya losheni. Siri za michezo sitazimwaga zote, kwa sababu baadhi nimepewa na walionifundisha kwa ahadi ya kuzitunza. Nitakachoeleza bila kubakiza ni namna ya kuupanga mchezo kufuatana na watu waliokaa mbele yako. Hilo nimelitafuta sana na sijampata wa kunielekeza.

Tuko watatu. Mimi nacheza, binamu yangu anasimamia vifaa na spika, na mama mmoja mstaafu wa benki ndiye mhazini. Mama amekubali kwa sharti moja: fedha ya mchango nisiiguse hata kidogo. Nimelikubali papo hapo.

Vifaa vya kuanzia: kamba laini ya pamba mita kumi, 8,000. Karata pakiti mbili, 6,000. Vikombe vitatu vya aluminiamu, 4,500. Skafu nyepesi za mitumba kutoka soko la Memorial, 1,000 kila moja. Hizi zinakunjika vizuri kuliko leso za dukani. Sponji nimepewa bure na fundi makochi wa Majengo, nikaikata vipira kwa mkasi. Meza ya kukunja kwa seremala, 35,000. Sarafu natumia za 500, zile zenye nyati, kwa sababu ni pana na zinaonekana hata na aliyekaa nyuma. Spika tunakodi kwa 30,000 kwa siku.

Kuhusu vibali: wasanii wanasajiliwa na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kwa shughuli za mtaani sisi tulianza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa utamaduni wa manispaa. Anza kwa mwenyekiti. Akishakuelewa, mengine yanakwenda.

24 Februari: Watoto, Pasua

Kituo cha kulelea watoto, lengo magodoro. Watoto wa miaka mitatu hadi kumi na tatu wote mkekani, na hapo ndipo ugumu ulipo. Wadogo kabisa hawashangai kitu kikipotea, kwa kuwa kwao vitu hupotea na kurudi kila siku. Wanachotaka ni rangi na kitu kinachotokea ghafla. Wa miaka kumi na kuendelea wamekuja kukunasa. Vikombe na vipira viliwachosha wadogo kabla sijafika nusu, na wakubwa wakaanza kubishana kwa sauti kipira kiko wapi. Nimeukata mchezo huo ubaki mzunguko mmoja, kisha skafu, kisha sponji.

Sponji ndiyo iliyofanya kazi kuliko kitu chochote. Binti wa miaka kama sita alikunja ngumi juu ya kipira kimoja, kingine nikabaki nacho mimi. Nilipofungua changu kikawa hakipo. Alipofungua chake, vipira vyote viwili vilifutuka kati ya vidole vyake kimoja baada ya kingine, naye hakupiga kelele. Alikunja tena ngumi, akafungua tena, kuona kama kutakuja cha tatu.

Kilichogoma ni meza. Seremala aliitengeneza kwa kimo cha mtu mzima aliyesimama, na mtoto aliyekaa chini anaona uvungu wake wote. Tena watoto hawakai mbele yako. Wanasogea, wanazunguka pembeni, mwishowe wako nyuma ya kiwiko chako. Dawa tuliyoipata ni kuacha meza, kukaa kwenye kigoda mgongo ukutani, kuchora mstari wa chaki mbele ya mkeka, na kuwapa wakubwa watatu kazi ya kuulinda mstari huo. Wale wakorofi wa kunasa ndio wanaofaa kwa kazi hiyo, maana wakishapewa cheo wanatulia.

14 Aprili: Usharika, na noti ya elfu kumi

Mchango wa paa la chumba cha zahanati, ibada ya pili, ukumbi wa usharika. Wiki mbili kabla wazee wa kanisa waliomba kuniona. Mmoja wao, baada ya salamu, aliniuliza taratibu: "Kijana wangu, hiyo nguvu inatoka wapi?"

Nilimwomba mkono wake. Nikaweka sarafu katikati ya kiganja, nikamkunja kidogo ile nyama nene iliyo chini ya kidole gumba mpaka sarafu ikabanwa ukingoni, nikamgeuza mkono. Haikuanguka. Nikamwambia, "Inatoka hapo, mzee. Ni hapo tu, na mazoezi." Akaushikilia mkono wake vile vile huku akiutazama kwa muda, halafu akawaonyesha wenzake. Siri hiyo nimeitoa kwa moyo mweupe, na ningemshauri yeyote afanye hivyo hivyo: chagua mbinu moja ndogo ya kuifichua mbele ya viongozi, ili wajue na nyingine zote ni za ukoo huo huo.

Nilisoma historia kidogo kabla ya kikao hicho, na ilinisaidia kujua nasimama upande gani. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu akieleza namna wachezaji wa viinimacho wanavyoficha vitu, wakati ambapo watu kwao walikuwa wakiuawa kwa kushukiwa uchawi. Alitaka ionekane kwamba mkono wa mtu unatosha kufanya maajabu. Mwaka 1856 mambo yaligeuzwa. Serikali ya Ufaransa ilimtuma Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi mkubwa wa fani hii, aende Algeria kuwaonyesha wenyeji kwamba nguvu za Wafaransa zinawazidi viongozi wao wa dini. Alikuwa na sanduku ambalo mtoto angeliinua, kisha likamshinda mwanamume mwenye misuli, kwa kuwa chini yake palikuwa na sumaku ya umeme. Watu waliondoka wameogopa, na hilo ndilo lililotakiwa. Mimi sitaki hata mtu mmoja aondoke kwenye shughuli yangu akiniogopa. Na hapa kwetu kuna sababu ya ziada: Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inamgusa hata anayejidai tu kuwa na nguvu za aina hiyo.

Kwa hiyo kuanzia siku ile kila onyesho linafunguliwa kwa maneno haya: "Sina jini, sina hirizi, sina dawa. Nina mikono miwili na mazoezi. Nitawadanganya macho, na mkinikamata mtakuwa mmeshinda." Nilihofu yatapoza ukumbi. Yaliuchangamsha. Akina mama wa mbele walisogeza viti karibu.

Sasa kilichogoma, na hiki kikubwa. Nilikuwa na mchezo wa kugeuza vikaratasi vyeupe kuwa noti. Ukumbi ulisimama. Baada ya shughuli, mzee mmoja alinifuata nyuma akiwa na noti ya elfu kumi ameikunja ndogo sana. "Mwanangu, nizalishie hii. Ni ada ya mjukuu wangu." Alikuwa ameyasikia maneno yangu ya ufunguzi, lakini noti aliziona kwa macho yake. Nilikaa naye, nikamwonyesha mchezo hatua kwa hatua mpaka akaelewa kwamba noti zile zilikuwa zangu tangu asubuhi. Mkoani kwetu matapeli wa kuzalisha pesa wamewaliza watu wengi kwa hila hiyo hiyo, na mimi nilikuwa nimewafanyia tangazo kanisani.

Halafu mhazini akaleta jambo la pili. Ndoo ya michango ilipopita mara ya pili, baada ya mchezo ule, watu kadhaa waliuliza kama fedha iliyomo iko salama. Swali lao ni la haki. Mtu aliyetoka kugeuza karatasi kuwa fedha anaweza kugeuza fedha kuwa karatasi.

Tulichobadili: mchezo wa noti umeondolewa moja kwa moja, na siazimi fedha ya mtazamaji kwa mchezo wowote. Mahali pake pana gazeti linalochanwa vipande na kurudi zima; linaonekana mbali na gharama yake ni gazeti. Ndoo ina kifuniko chenye tundu na inakaa upande wa pili wa ukumbi, mbali na mimi. Lipa namba ya kikundi imeandikwa kwenye ubao na jina linalotokea kwenye simu limeandikwa chini yake. Kabla watu hawajaondoka, mhazini na wawakilishi wawili wa wenyeji wanahesabu hadharani na kusoma jumla kwenye maiki. Sharti la mama la Februari sasa limebandikwa ndani ya kifuniko cha begi langu.

11 Mei: Madrasa

Fupi, kwa kuwa ilikwenda sawa. Mchango wa mablanketi kwa familia zilizoingiliwa na maji masika haya. Nilikwenda kwa sheikh mapema. Masharti yake yalikuwa mawili: nisitaje wala kuita chochote katika mchezo, na karata zibaki nyumbani kwa sababu ya kamari. Karata nimeziacha kabisa kwa shughuli zote tangu hapo. Hata walokole wengi hawazipendi, na hasara yangu ni 6,000 tu. Mahali pa maneno ya kimazingaombwe watoto wanahesabu moja hadi tatu kwa sauti.

15 Juni: Watu wenye ualbino, Moshi

Tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, inayoadhimishwa tangu 2015, na shughuli hii ya mtaa ilipangwa Jumamosi iliyofuata. Lengo lilikuwa kofia pana na nauli za kufuata losheni ya jua. Hapa Moshi tuna bahati: losheni ya Kilisun inatengenezwa papa hapa, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kwa ajili ya ngozi isiyo na rangi ya kuikinga. Mara nyingi kinachowakwamisha watu ni safari ya kuifuata.

Sikulala vizuri kabla ya siku hiyo. Nchi hii watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina. Mtu anasimama mbele yao na begi jeusi na kusema yeye ni mfanya mazingaombwe. Nilipitia orodha ya michezo nikiwa na mama mwenye mtoto mwenye ualbino, mmoja wa waandaaji, na yeye ndiye aliyeamua. Kifaa cha kukata kidole kikatoka. Shuka la kumfunika mtoto na "kumpoteza" likatoka. Chochote chenye kisu, nywele au kucha kikatoka. Mkasi wa kukatia kamba aliuruhusu, ila akataka uwe wa plastiki wa watoto wa shule na ukae mezani wakati wote.

Alipomaliza akaniambia, "Na begi lako naomba nilione ndani."

Nililimwaga lote. Siku ya shughuli nikalimwaga tena mbele ya watu wote kabla ya kuanza: kamba, skafu, vikombe, sponji, sarafu, gazeti, kitambaa cha kufutia jasho. Begi nikaligeuza nje ndani nikamkabidhi bibi mmoja wa mstari wa mbele, akakaa nalo mapajani mpaka mwisho. Nilidhani mchezo utakufa, kwa sababu sasa kila kitu kiko wazi. Lakini vitu vikiwa wazi mezani watu wanaacha kuliwazia begi, macho yanarudi kwenye mikono, na mikono ndiko kazi ilipo. Sasa namwaga begi kila mahali.

Upande wa kuona tulijikwaa. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na mwanga mkali unawaumiza macho. Shughuli tulikuwa tumeisogeza saa kumi jioni chini ya turubai, hilo tulilijua. Ambalo halikufikiriwa ni meza: kitambaa cheupe, sarafu nyeupe, kamba nyeupe. Mstari wa pili hawakuona kitu. Katikati ya shughuli binamu yangu alivua koti lake jeusi akalitandika mezani, tukaruka michezo ya sarafu, na nikaacha meza kwenda kati ya viti na sponji kubwa nyekundu. Baadaye tumenunua kitambaa cheusi mita mbili, 9,000, na kamba tumeipaka rangi ya njano. Watu wakae karibu, nusu duara fupi, mwanga utoke nyuma yao.

27 Julai: Kiboriloni, siku ya soko

Sitarudia. Upepo unabeba gazeti, watu wanakuzunguka pande zote, na karibu kila mchezo unahitaji angalau mgongo mmoja uliofichika. Macho hayana pazia, na sokoni yako mengi mno. Iliyobaki salama ni kamba, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko. Kilichoingia kwenye ndoo hakikufidia hata kukodi spika. Mahali pa wazi nenda tu kama una ukuta au gari la kuegemea.

28 Septemba: Viziwi, Arusha

Hii ndiyo iliyonifundisha kuliko zote, kwa hiyo naiandika kwa urefu.

Kulikuwa na bweni la vijana viziwi linalohitaji mabafu. Waalikwa walichanganyika: wanafunzi, wazazi wanaosikia, wafanyabiashara wa soko la Kilombero, mgeni rasmi. Tulimpata mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania, posho 50,000 kwa siku, na tukafika Arusha siku moja kabla ili tufanye mazoezi na vijana wachache. Siku hiyo ya mazoezi usiibanie hata kama mfuko umekauka. Bila hiyo tungeaibika.

Tuliweka mkalimani kushoto, hatua kama nne kutoka kwangu, jinsi inavyofanywa kwenye mikutano. Nikaanza na kamba. Kama kawaida yangu nilisema, "Tazameni ncha hii," huku mkono ukifanya kazi. Macho ya vijana wote yakaenda kwa mkalimani kusoma nilichosema. Yaliporudi kwangu, kamba ilikuwa imeshakatwa na imeshaungana. Walinitazama kwa adabu. Hawakuona muujiza wowote kwa kuwa hawakuona mwanzo: kwao nilikuwa mtu aliyeshika kamba nzima, ambaye mwanzo pia alishika kamba nzima.

Na upande mwingine ukaharibika kinyume chake. Mahali ambapo kwa watu wanaosikia sauti yangu huvuta macho kwenda mkono wa kulia, hapa hakuna sauti. Nilipodondosha sarafu mfukoni upande wa kushoto, kijana mmoja aliyekaa pembeni kabisa alinyoosha kidole moja kwa moja kwenye mfuko wangu. Wenzake wawili nao. Watafiti wameshaonyesha kwamba watu waliokua viziwi huwa wepesi kunasa kinachotikisika pembezoni mwa macho. Mimi nilikuwa nimezoea kuficha vitu huko huko pembezoni.

Tulikaa na wale vijana hadi giza likaingia, nao ndio waliojenga onyesho upya. Mkalimani alihamia begani kwangu, karibu kiasi kwamba mikono yake na yangu iko ndani ya upeo mmoja wa macho. Tukaweka utaratibu: kwanza alama, halafu mikono yote minne inatulia mpaka macho yarudi kwangu, ndipo tendo linafanyika. Mwanzo niliona linachelewesha mno. Kumbe ule utulivu ndio unaowafanya watu wasogee mbele kwenye viti. Nimeanza kuutumia hata kwa wanaosikia.

Mahali pa sauti tuliweka macho yangu. Nikiutazama mkono wangu, wanautazama. Nikimtazama mtu usoni, ananitazama usoni. Kosa dogo la kutupa jicho kwenye mkono unaoficha linakuuza palepale, na kwa wanaosikia kosa hilo nimelifanya kwa miaka bila kukamatwa, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa unalifunika.

Jambo la tatu alilileta yule kijana aliyenikamata. Viziwi wanashangilia kwa kuinua mikono na kuitikisa hewani. Akanieleza, mkalimani akitafsiri huku akicheka: wakati wanashangilia, kila mtu ana msitu wa mikono mbele ya macho yake, ya kwake na ya waliokaa mbele. "Fanya wizi wako hapo." Ndivyo ilivyo sasa. Chochote kinachotakiwa kurudi mfukoni kinarudi wakati wa kushangilia kwa mchezo uliotangulia.

Mengine yalikuwa ya haraka. Jukwaa lilikuwa mbele ya dirisha, nyuso zetu zikawa nyeusi. Tukageuza viti vyote ili mwanga utuangukie. Shati la maua nikalivua, nikavaa jeusi kama la mkalimani ili vidole vionekane. Nikajifunza alama chache za kutumia mwenyewe: tazama, subiri, moja, asante.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri hadi mwisho. Mchezo wa kufungia alifanya yule kijana: rababendi inayoruka kutoka vidole viwili kwenda viwili vya jirani, kisha akaufundisha ukumbi mzima kwa alama, rababendi zikigawiwa kwenye viti. Mkalimani sasa alikuwa anawatafsiria wanaosikia. Wazazi na wafanyabiashara wakabaki na rababendi vidoleni, wanangoja sauti, huku vijana wameshamaliza zamani na wanawasaidia. Mgeni rasmi aliendelea kujaribu mpaka akaipata, na ahadi yake ya saruji aliitoa akiwa bado nayo kidoleni.

Gharama: nauli ya watu wanne Moshi hadi Arusha kwenda na kurudi pamoja na bodaboda, kama 40,000, mkalimani siku mbili, 100,000, rababendi 2,000. Chukua rababendi nene. Nyembamba zilikatika nyingi.

9 Novemba: Wasioona, Moshi

Nilifika na mpango ambao kwenye karatasi ulikuwa mzuri: nasimulia kwa maiki kila kinachotokea. Nilipomaliza mchezo wa kwanza, mwalimu mmoja asiyeona alinyoosha mkono. "Mwalimu, hapo umetusimulia. Hujatufanyia."

Alikuwa sahihi kabisa. Nikisema sarafu imepotea, wana neno langu tu. Nikazima maiki, nikaacha jukwaa, tukagawa watu makundi ya watano au sita kuzunguka meza na mimi nikahama meza hadi meza. Kila kitu kilitokea mikononi mwao. Sponji ilirudi kuwa mfalme. Inavimba ndani ya ngumi ya mtu mwenyewe na hakuna anayehitaji kumweleza. Kamba ilipita mikono yote, fundo likapapaswa na kila mmoja, wawili wakashika ncha, likayeyuka katikati yao huku kamba imekazwa. Sarafu zilikwenda kwa sauti: mtu anashika kikombe cha aluminiamu, anazisikia zikianguka, anazihesabu mwenyewe, anamimina na kukuta idadi nyingine. Sikio nalo linadanganyika, na pale kila mtu alitaka kujua limedanganywa vipi. Yule mwalimu aliniomba nimfundishe kubana sarafu kiganjani, na alishika haraka kuliko mimi nilivyoshika. Nikamsimulia habari za Richard Turner, Mmarekani aliyepoteza uoni na anayechezea karata kwa ufundi ambao wenye macho wanauhusudu. Yeye hutegemea vidole tu.

Ya kuzingatia: taja jina lako kila unapofika meza mpya, sema unachotaka kuweka mkononi mwa mtu na umwombe kwanza, na usimshike mkono kwa ghafla. Panga muda mara tatu ya kawaida. Sisi hatukupanga, chakula kikapoa, na meza ya mwisho walipata mchezo mmoja tu. Nimewaahidi kurudi kuanzia meza hiyo.

14 Desemba: Hesabu, na kinachofuata

Kwa mwaka mzima tumetumia kama laki nne na ushee, zote kutoka mifukoni mwetu, kwa sababu tulikubaliana mchango usikatwe gharama. Spika ndiyo iliyokula zaidi, na ukiangalia juu, maonyesho mawili yaliyofanya kazi kuliko yote hayakuihitaji. Mwakani tunakodi pale tu wenyeji wanapoitaka kwa hotuba zao. Meza ya seremala tumeikata miguu ikawa fupi, 5,000, sasa inafaa watoto na wenye viti vya magurudumu. Mkalimani tumemwomba awe nasi kila shughuli, hata pasipotajwa viziwi, maana kila ukumbi wa watu wengi unaye mmoja au wawili waliokaa nyuma kimya.

Kinachofuata ni kufundisha. Mwaka 1982 David Copperfield alianzisha Project Magic, mpango wa kuwafundisha wagonjwa mazingaombwe mepesi hospitalini ili vidole na mikono iliyodhoofika ipate mazoezi ambayo mtu anayafanya kwa hamu. Hilo linawezekana hapa kwa kamba na rababendi. Nimeandika barua kwa idara moja ya mazoezi ya viungo mjini na nimeambatisha michezo minne, kila mmoja na maelezo ya vidole vinavyotumika. Mtaalamu mmoja ameshaipitia na kurudisha mchezo wa sarafu, akisema kubana kiganja ni kugumu mno kwa aliyepooza upande mmoja. Ametaka uanze mchezo wa kamba nene yenye fundo kubwa, ufanywe kwa mkono mmoja na meza. Mzee wa usharika, yule aliyebaki ameshika sarafu, amejitolea tumjaribie kwanza, kwa kuwa mkono wake wa kushoto una ganzi. Tunaanza Januari, nyumbani kwake, kamba ya milimita kumi na mbili.